Mikono Tisa ya Vanishi

Hamtaniamini, na sitawalaumu. Habari hii nimeshamsimulia kinyozi wangu, muuza mkaa, na yule daktari wa meno akiwa amenitia koleo mdomoni, na wote watatu walitikisa kichwa. Daktari labda alitikisa kwa sababu nilikuwa namrushia mate, lakini wale wengine walikusudia. Boti ikaangamizwa na urembo wake? Nani atakubali? Basi kaeni vizuri, niwaeleze kama ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi hata punje, maana mwenye habari yake yuko humu humu chumbani.

Mwenyewe ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, mikono juu ya magoti, anatazama ukuta wa jirani. Mimi niko mezani na daftari. Siwezi kuandika kimya kimya. Mwalimu wangu wa darasa la sita, darasa nililolipenda kiasi cha kulisoma mara mbili, alitufundisha kutamka kila neno tunapoliandika, na hadi leo kalamu yangu haiendi bila mdomo. Kwa hiyo shemeji anasikia yote. Hajasema kitu. Siku hizi anaweza kumaliza kutwa nzima kwa neno moja, na neno lenyewe ni "nimeshiba".

Kazi yake ilikuwa kupaka rangi na vanishi boti za mbao. Pale yadi, ukingoni mwa mto, walimpa jina la Msasa, kwa sababu hukumkuta hata siku moja bila kipande cha msasa mfukoni, hata msibani. Amesugua mbao miaka arobaini na miwili mpaka vidole vyake navyo vikasuguka. Alipokwenda kuchukua kitambulisho, karani alimbonyeza kidole gumba kwenye wino mara nne, akaitazama karatasi, akasema, "Mzee, wewe huna alama za vidole."

"Ninazo," Msasa akamjibu. "Ziko kwenye boti."

Jibu hilo nimewahi kulitumia kwenye harusi moja kama langu, watu wakapiga makofi. Lakini ni lake.

Taabu ni kwamba boti zenyewe zilikuwa zinakwisha. Zamani yadi ile ilikuwa na boti za mbao kumi na nane kwa mpigo, nyundo zikilia mpaka watu wa ng'ambo wakituma ujumbe wa kulalamika. Kisha zikaja boti za faiba. Boti ya faiba haina mbao, haina misumari, haina mishono. Inamiminwa kwenye kalibu kama sabuni, ikitoka imetoka. Haitaki kusuguliwa kila mwaka, kwa hiyo haimtaki Msasa. Moja baada ya nyingine, boti alizozipaka zikaondoka. Moja ilivunjwa ikawa milango ya zizi. Moja ilizama na shehena ya mchanga. Moja ilipinduliwa ikawa banda la kuku, na nasikia kuku wenyewe waligoma kutaga.

Ikabaki moja. Tulimwita Bibi.

Bibi alikuwa na urefu wa futi thelathini, na aliyemuunda alikuwa baba yake Msasa. Ndiyo boti ya kwanza ambayo Msasa aliwahi kuigusa kwa brashi, akiwa na miaka kumi na sita. Miaka mingi Bibi alivusha watu mtoni, wagonjwa, walimu, maharusi, mbuzi. Kisha mota ikafa, akavutwa nchi kavu, akawekwa juu ya magogo chini ya paa la mabati yenye matundu, na akalala pale miaka kumi na mmoja.

Mwenye yadi ni mama mmoja aliyeachiwa mahali pale na marehemu mumewe. Tunamwita Mama Yadi. Si mtu mbaya, naomba hilo lieleweke, ingawa hacheki vichekesho vyangu. Siku moja alikuja akasimama mbele ya Bibi, mikono kiunoni.

"Mzee wangu," akamwambia Msasa, "hapa nataka kuweka kalibu ya pili ya faiba."

"Na Bibi?"

"Atapasuliwa kuni. Nifanye nini?"

Msasa si mtu wa kuomba. Amemwoa dada yangu bila kuomba. Alikuja, akakaa, akanywa chai, akakaa tena, mpaka baba akachoka akasema haya mchukue. Lakini siku ile aliomba.

"Nipe miezi mitatu nimtengeneze. Umrudishe kwenye kivuko."

"Abiria wa siku hizi, mzee wangu, hawapandi kitu chenye mistari. Wakiona mishono ya mbao wanadhani maji yanaingia. Wamezoea faiba, laini, haina alama."

Msasa akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya pipa pale, nikisimamia kazi, kama kawaida yangu. Pale yadi wananiita Redio, kwa sababu ya sauti yangu nzuri. Sikuweza kumwona shemeji yangu ameinamisha kichwa mbele za watu.

"Mama," nikasema, "huyu unayemwona atakupa boti ambayo hutauona mshono hata mmoja. Hata kwa miwani. Utachania nywele ubavuni mwake."

Mafundi wa faiba wakacheka. Mama Yadi akatutazama kwa zamu, Msasa, mimi, Bibi.

"Haya. Awe laini kama anavyosema Redio, na akae majini siku saba bila kuingiza maji. Nitamweka kwenye kivuko mpaka mimi mwenyewe nife. Akishindwa, kuni. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," Msasa akasema. Kisha akanitazama kama anavyotazama mchirizi kwenye rangi iliyokwisha kukauka.

Niseme jambo moja kuhusu Msasa. Neno likishatoka kwa ajili yake, hata kama limetoka kwenye mdomo wa mtu mwingine, yeye huliona ni lake. Mimi nikimwambia mtu "shemeji yangu atakuja kesho", kesho yake Msasa anakwenda, hata kama hamjui huyo mtu. Nimemtuma hivyo mara nyingi. Ilikuwa mchezo wetu, au mchezo wangu.

Kazi ikaanza. Alikuja seremala, mzee mwenzake, aliyefundishwa kazi na baba yake Msasa. Huyu tunamwita Fundi Randa. Akabadilisha mbao tatu zilizooza na mbavu nne za ndani, zile zinazoshikilia mbao zisitawanyike. Msasa akashika kikwangua na kuanza kutoa rangi ya zamani, na hapo nikajua kwa nini mtu anaweza kuipenda kazi ile. Rangi zilikuwa kumi na moja, moja juu ya nyingine. Kila akifika kwenye rangi mpya alisimama.

"Mkono huu mweupe ni wa mwaka wa mafuriko. Tulipaka mvua ikinyesha, ona ulivyotoka vipele."

"Na wa kijani?"

"Wa kijani nilipaka mwaka nilipooa."

"Kumbe ndio mwaka wa wizi," nikasema. "Kwangua kwa nguvu."

Akacheka. Nakumbuka kwa sababu dada yangu alikuwa ameleta chakula, akasimama na bakuli mkononi, akasema, "Kaka, leo umemfanya nini Baba Watoto? Anacheka kazini?"

Chini ya rangi zote ilikuwa mbao ya baba mtu, nyekundu kama udongo wa matofali. Ilikuwa imekauka vibaya. Miaka kumi na mmoja ya jua la pembeni na upepo ilikuwa imezisinyaza mbao, mpaka kati ya ubao na ubao ungepitisha kidole cha mwisho. Ukichungulia kutoka ndani unaona nje, watu wanapita.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kila kitu kilipo. Boti ya mbao iliyokauka huwa haizibwi kwa nguvu. Unasukuma nyuzi za pamba kwenye mwanya, unafunika kwa puti laini ya mafuta, unaishia hapo. Boti ikiingia majini, mbao zinakunywa, zinavimba, zinabanana zenyewe. Puti inatokeza nje kama dawa ya meno, unaikwangua. Mwezi mzima boti inakuwa na sura ya mtu aliyeamshwa usingizini, mistari kila mahali. Kisha inatulia. Hilo kila mtu pale yadi analijua, hata mbwa.

Lakini mistari hiyo ndiyo Mama Yadi aliyoikataa. Na mimi nilikuwa nimesema nywele zitachanwa.

Watu hupenda kunisingizia hapa. Ukweli ni kwamba mimi nilileta makopo tu. Mafundi wa faiba wana gundi yao ya makopo mawili. Unachanganya hili na lile, unapaka, baada ya saa chache imekuwa jiwe. Ukiisugua inakuwa laini kama yai. Niliomba, wakanipa. Nikayaweka miguuni pa Msasa, nikasema, "Tazama, shemeji. Sikulazimishi."

Msasa aliketi mbele ya ubavu wa Bibi alasiri nzima, ncha ya kikwangua kwenye mshono mmoja, akiupitisha kidogo kwenda, kidogo kurudi. Alijua. Nilimwona anajua. Kesho yake alichanganya makopo yale mawili kwenye kifuniko cha ndoo, akaanza kuziba kutoka mbele.

Fundi Randa alikuja siku ya tatu. Akasogea, akabonyeza mshono kwa ukucha.

"Msasa, hii ni nini?"

"Puti."

"Puti inaingia ukucha. Hii si puti." Akabonyeza tena, mahali pengine, na pengine. "Umeziba zote?"

"Upande mmoja. Kesho wa pili."

"Mbao ikivimba itakwenda wapi?"

"Haitavimba," Msasa akasema. "Imekaa nje miaka kumi na mmoja. Mbao ya umri huu haina kiu tena."

"Nani kakwambia?"

Nikaona nimsaidie Msasa. "Mbao nayo inastaafu, fundi."

"Wewe Redio jizime kidogo," Fundi Randa akasema bila kugeuka. "Ndugu yangu, mbao haistaafu. Baba yako aliacha nafasi kati ya kila ubao kwa unene wa ukucha, na alikuwa anajua anachofanya. Wewe unamfunga mwenye mimba mkanda wa chuma, halafu unamwombea ajifungue salama. Toa hii kitu."

"Nikiitoa itatoka na mbao."

"Na itoke nayo. Tuanze upya."

"Muda hautoshi. Wiki tisa zimekwisha."

"Basi mwachie mistari yake! Uso wa mzee una mistari, nani anaupiga puti?"

"Neno limeshatoka," Msasa akasema. Hakunitazama aliposema hivyo. Afadhali angenitazama.

Fundi Randa akachukua randa yake, akaizungushia shati kuukuu, akaiweka kwapani, akaondoka. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu mmoja wao ana nywele.

Baada ya hapo Msasa alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Chini, sehemu ya kukaa majini, alipaka rangi nyekundu mikono miwili. Juu, ubavu wote mpaka ukingo, alipaka vanishi, mikono tisa. Watu wa kawaida wanapaka minne na kujisifu. Kila mkono anauacha ukauke kutwa, anausugua kwa msasa laini, anapangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, anapaka mwingine.

Siku ya kupaka ilikuwa siku ya adhabu kwa yadi nzima. Hakuna kufagia tangu jana yake. Ardhi inamwagiwa maji vumbi lilale. Kuku wanafungiwa. Mtu akitaka kukohoa anakwenda kule kwenye choo. Mimi aliniweka upande ambao upepo unakwenda, nisimpulizie maneno, ndivyo alivyosema, maneno yangu yana vumbi. Vanishi yenyewe aliichuja kwa soksi ya nailoni ya dada yangu. Dada akaja kuilalamikia, na alipoona ubavu wa Bibi ukimrudishia mwanga usoni alisahau soksi, akarudi nyumbani polepole.

Brashi yake ikienda inapaka, ikirudi inalaza. Haendi mara ya tatu. Mara moja nzi alitua kwenye mkono wa saba ukiwa bado mbichi. Msasa hakumgusa. Alimngoja akate tamaa, akamng'oa kwa sindano mguu kwa mguu, akalaza tena mahali pale kwa nywele tatu za brashi. Nikamwambia, "Shemeji, ungekuwa daktari." Akasema, "Daktari anaruhusiwa kukosea."

Siku ya kushusha ilikuwa Jumatatu. Tulikuwa watu ishirini na wawili kwenye kamba, na mafundi wa faiba waliacha kazi yao wakaja kuvuta. Bibi akateremka juu ya magogo, akaingia majini bila kishindo. Nawaambia, sijawahi kuona kitu kama kile. Ubavu wake ulikuwa kama chai nzito kwenye bilauri, na ndani yake mto wote, na watu, na mawingu. Mshono? Hakuna. Mama Yadi alisogea ukingoni, akajitazama, akarekebisha mtandio wake.

"Redio," akasema, "leo hukudanganya."

Niliruka juu kama mtoto. Msasa alikuwa amesimama majini mpaka magotini, kiganja kimoja juu ya ubavu wa Bibi, kama unavyomshika ng'ombe asiyekuwa na utulivu.

Jumatatu ilipita bila tone. Jumanne asubuhi alimpangusa ndani kwa kitambaa kikavu, akakitoa kikavu. Nilishindwa kujizuia. Nikaenda mpaka nyumbani kwa Fundi Randa, nikamkuta anachonga mguu wa kitanda, nikamwambia yote, nikaongeza na la watalii kuja kupiga picha, ambao hawakuja.

Akaniacha nimalize. "Inalia?"

"Nani?"

"Boti. Inatoa sauti?"

"Haitoi."

"Haya," akasema, akarudi kwenye mguu wa kitanda.

Jumanne hiyo hiyo alasiri tulikuwa tumekaa ukingoni, mimi na Msasa, tukila mahindi ya kuchemsha. Ikasikika sauti ndogo kutoka kwa Bibi. *Tak.* Kama mtu anayejinyoosha vidole. Msasa akashusha hindi lake.

"Umesikia?"

"Nini? Sijasikia kitu."

*Tak.*

"Na hiyo?"

"Kamba hiyo, shemeji. Kamba inajivuta."

Hakubishana. Alikaa pale mkono umeshika hindi lililoliwa nusu mpaka nikamwambia twende nyumbani, dada anangoja.

Jumatano asubuhi tulikuta mistari. Myembamba, mirefu, minyoofu, ikifuata kila mshono kuanzia mbele hadi nyuma, vanishi imepasuka kama kioo. Mbao zilikuwa na kiu bado. Zilikuwa zimekunywa siku mbili, zikavimba, zikatafuta nafasi, zikakuta jiwe kila upande. Kwa kuwa haziwezi kwenda pembeni, zilisukuma. Mbavu za ndani zilikuwa zimevunjika tisa, zikiwemo zile nne mpya. Mbele kabisa, mbao zilikuwa zimeng'oa misumari yake na kusimama nje, na maji yanaingia bila kelele.

Msasa aliingia na ndoo. Akachota, akamwaga, akachota. Nami nikaingia na ndoo ya pili. Mafundi wa faiba wakaleta pampu, ikafanya kazi kidogo ikaziba kwa vipande vya vanishi. Adhuhuri maji yalikuwa kwenye mabenchi. Mtu alikuwa amekimbia kumwita dada yangu. Dada akaja, akasimama ukingoni na nguo za jikoni.

"Baba Watoto. Toka."

Akaendelea kuchota.

"Baba Watoto, mimi ndiye ninayekwambia. Toka."

Akatoka.

Mama Yadi alingoja mpaka Bibi amevutwa nchi kavu. Hakupandisha sauti.

"Ni siku ngapi, mzee wangu?"

"Mbili. Na asubuhi moja."

"Nilisema saba."

"Ulisema saba, Mama."

Fundi Randa alikuja jioni ile. Nilijiandaa kwa maneno yake, hata nikawa na majibu matatu tayari. Hakunihitaji. Aliingiza mkono kwenye ubavu uliovunjika, akaupapasa ubao kwa ndani, akaukwaruza kidogo, akanusa vidole. Akamwambia Msasa, "Mbao ya baba yako ilikuwa nzima kabisa." Hilo tu. Naona angemtukana lingekuwa jambo jepesi zaidi.

Mngedhani imeishia hapo. Alhamisi Mama Yadi alituma watu wa msumeno, na Msasa akawazuia. Hakuomba Bibi aachwe. Hilo alikuwa amelimaliza. Aliomba siku nne.

"Za nini?" Mama Yadi akauliza.

"Kuni zenye vanishi haziingii jikoni kwa mtu. Moshi wake ni sumu. Kuna watu watapikia watoto."

Mama Yadi akasema sawa.

Akakwangua. Ile mikono tisa aliyoilaza kama shuka, aliitoa mmoja mmoja, ikashuka kwa vipande virefu vya rangi ya asali, ikarundikana miguuni pake. Kila kitu alikifanya kwa utaratibu ule ule, akipangusa vumbi, akibadilisha msasa ukichakaa, kama kwamba kesho kuna mkono mwingine. Nilichukua kikwangua cha pili nikaenda upande wa pili. Nilikwangua kutwa bila kuongea. Kama yote mengine mmeyaamini, hilo najua limewashinda.

Siku ya tatu nikaona nitoe la moyoni.

"Shemeji, lile neno langu la kuchania nywele…"

"Shika kikwangua vizuri," akasema. "Unachimba mbao."

Nikashika vizuri.

Baadaye mafundi wa faiba walimwita, kwa wema, maana nao walikuwa wameona. Walitaka awasugulie boti zao kabla hazijatoka. Alikwenda siku moja, akasugua mpaka saa sita, akarudi nyumbani. Dada akamuuliza vipi. Akasema, "Haina nyuzi kama mbao. Sijui niisugue kuelekea wapi." Brashi zake ziko kwenye kopo pale uani, hakuziosha, zimekauka zikawa vijiti. Dada alizilowesha kwenye mafuta wiki mbili kwa siri. Hazikulegea. Kiti nacho kilikuwa kinatazama mtoni, akakigeuza mwenyewe.

Lakini msidhani Bibi alikwenda kirahisi. Hapana, hapo lazima niwaeleze, kwa heshima yake na ya baba mtu aliyemuunda. Siku ya msumeno nilikuwepo kwa macho yangu haya. Fundi mmoja akawasha ule msumeno wa mota, akauweka kwenye ubao wa mbele, ule mkubwa kuliko zote, na msumeno ukapiga ukelele, ukatoa cheche, cheche kutoka kwenye mbao jamani, ukazimika. Wakaleta wa pili, ukang'oka meno. Wakaleta wa tatu, watu wanne wakaukandamiza tangu asubuhi mpaka jua likaanza kushuka, na ubao ule ukakaa vile vile, ukakataa, mpaka Mama Yadi mwenyewe akaweka mikono kichwani, akasema mwacheni Bibi wa watu, na—

"Shemeji."

Amesema kutoka dirishani. Hajageuza kichwa.

"Msumeno ulikuwa mmoja."

Sawa, ulikuwa mmoja, lakini ulipofika kwenye ule msumari mkubwa wa shaba uliruka juu kama mbuzi, fundi akaanguka chali, na kutwa nzima hakuna aliyethubutu kusogea mpaka—

"Dakika ishirini," amesema. "Ncha ya pili ya ubao niliishika mimi."